Nimetoboa wapi, jamani?

Mtoto wa mjomba, nimeusoma ujumbe wako kwenye grupu la ukoo. Eti dada ametoboa, anatafiti malaria Ujerumani, analipwa euro, sasa kilichobaki ni kukuunganishia wewe unayemaliza digrii ya baiolojia ya molekuli. Shangazi naye kaongezea kwamba nimegundua dawa. Sijagundua dawa yoyote. Na mwambieni mama mdogo aache kunitumia picha za eksirei. Udokta wangu ni wa shahada, siruhusiwi kumwandikia mtu hata panado.

Habari za baridi mmeshazisikia za kutosha. Nataka nikueleze mkataba.

Vyuo vya huku vina sheria yake. Mtafiti anaweza kuajiriwa kwa mikataba ya muda kwa miaka 6 kabla ya PhD na mingine 6 baada yake. Wa fani ya utabibu, hiyo ya baada ya PhD ni 9. Muda huo ukiisha, upate ajira ya kudumu, ambazo ni za kugombania, au utafute mradi wenye fedha zake, au ufungashe. Mwaka 2021 watu walichukizwa na video ya katuni ya wizara yao ya elimu na utafiti. Ndani yake kulikuwa na mwanabiolojia wa kubuni, Hanna, na maelezo kwamba utaratibu huu ni mzuri kwa sababu wa zamani wasipoondoka wanaziba njia. Watafiti wakajaa mtandaoni wakisema, "Mimi ndiye Hanna."

Lakini Hanna mkataba wake ukiisha anabaki kwao. Mimi kibali changu cha kuishi kinafuata mkataba. Bosi akiniongezea miezi sita kwa sababu fedha za mfadhili zimechelewa, na kibali kinakuwa cha kuungaunga hivyo hivyo. Miadi ya ofisi ya wageni unaisubiri mpaka kibali cha zamani kinakufa, unapewa karatasi ya kukushikiza. Karatasi hizo zipo za aina mbili: moja unaweza kusafiri nayo ukarudi, nyingine ukitoka umetoka. Msiba wa babu ulinikuta na hiyo ya pili. Mlinisema sana. Sikuwajibu kwa sababu ningejibu vibaya.

Halafu kinachoniuma zaidi. Sampuli za damu kutoka nyumbani zinafika hapa kwenye barafu kavu, zina vibali vyote, zinapokelewa kwa heshima, zinaingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mmezisikia habari za Kagera? Sampuli za mwaka 2021 zilionyesha vimelea vyenye badiliko katika jeni ya K13, aina ileile iliyoonekana Rwanda, vinavyochelewa kuisha mwilini mgonjwa anapomeza dawa ya mseto. Karagwe ilikuwa zaidi ya sampuli moja katika kila tano. Mseto bado unatibu, msianze kuutupa. Ila ujue kwamba nyingi ya kazi hiyo imefanywa na Watanzania wenzetu wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, walioko nyumbani, wanaolala kwao.

Kwa hiyo usije.

Kweli, nenda kwenye vituo vya utafiti vya Bagamoyo na Ifakara, vuka mpaka uombe cha Kilifi, Kenya. Chanjo za malaria zinazotumika leo zilijaribiwa kwa watoto wa huko huko, Korogwe pia. Jifunze takwimu na uandishi wa programu, maana mashine za kusoma jeni sasa zipo hata kwetu, wa kusoma zinachotoa ndio wachache. Huku utajifunza nini? Kulisha vimelea. Kimelea cha malaria kinamaliza mzunguko wake ndani ya damu kwa saa 48, hakijui Idd wala Jumapili. Mimi siku ya Idd nilikuwa maabara peke yangu, nabadilisha maji ya lishe kwenye chupa nyekundu za vimelea, napaka damu kwenye kioo, nahesabu kwa darubini. Biriani nililiona kwenye simu.

Lakini nisikudanganye. Huku kemikali ukiagiza Jumatatu, Jumatano imefika. Nyumbani nilishaona kazi ya mtu ikilala miezi bandarini mpaka kemikali ikaharibika. Nikiwa na swali, najibiwa na jaribio, sijibiwi na forodha. Raha hiyo sitaki kuisaliti, na ndiyo inayonifanya nisaini tena kila wanaponiletea karatasi.

Hela zipo, si kama mnavyofikiri. Kodi, bima na pensheni vinakwenda na karibu sehemu mbili kati ya tano za mshahara kabla sijaugusa, kisha mwenye nyumba. Mchango wa harusi ya Zuhura nitatuma, si ule mlioniandikia.

Basi nitumie CV yako. Kurasa mbili, usiweke dini wala kabila, na barua ya maombi uiandike mwenyewe. Ufadhili utakaoomba uwe wa miaka mitatu kamili, na uwe na kifungu cha kurudi na kazi yako nyumbani. Wa mwaka mmoja mmoja ukatae, hata wakikubembeleza. Na shangazi asijue kwanza.