Mtandao Ukatike, Kazi Isikatike: Maswali Yenu Kuhusu tmux

SWALI: Habari za kazi. Huwa naingia kwenye seva ya mbali kwa ssh na kuanzisha kazi ya kunakili data inayochukua saa nyingi. Mtandao ukiyumba kidogo, kazi inakufa na naanza upya. Naambiwa nitumie tmux, programu inayotunza vikao vya terminali. Naanzaje?

JIBU: Nzuri. Anza kwa kuiwasha mahali panapostahili, yaani kwenye seva. Wengi huifungua kwenye laptopu, kisha ndani yake wanaingia ssh. Mtandao ukikatika, tmux ya laptopu inabaki hai, lakini kazi iliyoko upande wa pili inakufa vilevile.

Inakufa kwa sababu ssh ikikatika, mfumo hufunga terminali uliyopewa na kuzitumia programu zilizomo ishara ya SIGHUP, na nyingi zikiipokea hujizima. tmux hukaa katikati: huendesha seva yake ndogo isiyotegemea muunganisho wako, na seva hiyo ndiyo inayoshika terminali ya kazi yako. Wewe unabaki mtazamaji, na mtazamaji akiondoka mchezo hausimami.

Ukishaingia kwa ssh, andika:

tmux new -A -s data

Kwa -A, kikao kiitwacho data kikiwepo unaunganishwa nacho, kisipokuwepo kinaundwa. Kwa hiyo amri hii moja inatosha siku ya kwanza na siku ya kurudi. Anzisha kazi yako, kisha, ili ujitenge na kikao bila kukifunga, bonyeza Ctrl-b, achia vyote viwili, halafu bonyeza d. Ukivibonyeza vitatu kwa pamoja hutaona kitu. Usitoke kwa exit: hiyo inaifunga sheli yenyewe, yaani programu inayopokea amri zako, na kikao chenye sheli moja tu kinaondoka nayo. Kuona vikao vilivyopo, andika tmux ls.

Ila seva yenyewe ikizimwa au kuwashwa upya, tmux haikuokoi. Kazi ndefu mno iandikwe iweze kuendelea pale ilipoishia. Kwa kunakili mafaili, rsync yenye --partial inasaidia.

SWALI: Kwenye seva moja, nikirudi nakuta "no server running on /tmp/tmux-1000/default", au wakati mwingine "error connecting to /tmp/tmux-1000/default (No such file or directory)". Vikao vimekwenda wapi?

JIBU: Kabla ya kuwasha tmux nyingine, andika pgrep -a tmux. Jibu ndilo litakalokuonyesha pa kushika.

Isipotoka kitu, na seva haikuwashwa upya, shuku systemd, programu inayosimamia huduma na michakato kwenye Linux nyingi. Mahali ambapo KillUserProcesses imewekwa yes, ukitoka kabisa michakato yako yote huuawa, tmux ikiwemo. Dawa yake ni loginctl enable-linger, kisha uiwashe tmux kwa systemd-run --user --scope tmux new -A -s data, maana linger peke yake haitoshi. Amri ya linger ikikataliwa, mwombe msimamizi akufanyie.

Ikitoka namba ya mchakato, vikao vyako viko hai ila mlango umepotea. Mara nyingi ni programu ya kusafisha /tmp iliyofuta faili la soketi, ambalo ndilo mlango huo. Andika pkill -USR1 -u $USER tmux, na tmux itaunda soketi upya. Kama folda nzima imefutwa, irudishe kwanza kwa mkdir -m 700 /tmp/tmux-1000, ukiweka namba yako inayotolewa na id -u mahali pa 1000. Ukikimbilia kuandika tmux new, seva mpya itakalia njia ileile ya soketi, na kuifikia ya zamani kutakuwa shughuli.

SWALI: Shikamooni. Nikizungusha gurudumu la kipanya ndani ya tmux nione mistari iliyopita, zinakuja amri nilizoandika zamani. Nirekebisheje?

JIBU: Marahaba. tmux hutumia skrini ya pili ya terminali, isiyo na kumbukumbu ya mistari, kwa hiyo terminali nyingi hugeuza gurudumu kuwa vitufe vya mshale. Mistari yako inatunzwa na tmux yenyewe: bonyeza Ctrl-b kisha [, panda kwa PageUp, toka kwa q. Ukitaka gurudumu, andika haya ndani ya ~/.tmux.conf:

set -g mouse on
set -g history-limit 20000

Kisha tmux source-file ~/.tmux.conf. Kikomo cha kawaida ni mistari 2000, na kikomo kipya hakiyagusi madirisha yaliyokwisha funguliwa. Fungua jingine kwa Ctrl-b c. Usiweke mamilioni, maana kila kipande cha skrini kina akiba yake na yote hukaa kwenye RAM.

mouse on ina gharama: sasa tmux ndiyo inayochagua maandishi, kwa hiyo kunakili kulikozoeleka kunaonekana kumeharibika. Kwenye terminali nyingi, shika Shift huku ukiburuta kipanya.

SWALI: Ili nifanye kazi haraka, nigawe skrini vipande vingapi?

JIBU: Viwili, basi. Picha za skrini yenye vipande vinane zinavutia, lakini kumbukumbu za seva zinazokatwa kila baada ya herufi arobaini hazisomeki. Ctrl-b % inagawa kushoto na kulia, Ctrl-b " inagawa juu na chini, na Ctrl-b pamoja na mshale inakuhamisha. Kitufe tunachokipenda kuliko vyote ni Ctrl-b z: kinakuza kipande ulichomo kijaze skrini, ukikibonyeza tena kinarudi. Kazi ya tatu ipewe dirisha lake, na ulibatize kwa Ctrl-b kisha alama ya mkato (,), kwa sababu madirisha matano yote yakiitwa bash utabaki kubahatisha.

SWALI: Vim, kihariri changu cha maandishi, inachelewa ndani ya tmux nikibonyeza Esc.

JIBU: tmux inasubiri kujua kama Esc ni mwanzo wa kitufe kingine, na katika matoleo mengi husubiri milisekunde 500. Weka set -sg escape-time 10 ndani ya ~/.tmux.conf. Kama mtandao wako ni wa polepole sana na mishale inaanza kuandika herufi za ajabu, panda hadi 50.