Mpasuaji Anapokabidhiwa Uongozi wa Chuo

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ni daktari bingwa wa upasuaji hapa Moshi, na sasa anaombwa aongoze idara ya chuo. Je, huko si kuuzika ujuzi wake? – Mama Daktari, Rau.

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, kwa sababu mkono wa mpasuaji hutaka mazoezi ya kila mara, na vikao vya bajeti, mitaala na ajira havingoji mgonjwa ashonwe. Hata hivyo, mtazame Haile Debas, mzaliwa wa Asmara, Eritrea, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada: mwaka 1987 alishika idara ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, mwaka 1993 akawa mkuu wa kitivo cha tiba, na kuanzia 1997 hadi 1998 akaongoza chuo kizima. Alikuwa pia mtafiti wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula mwilini, jambo ambalo wengi hulisahau, kwani wahadhiri (nasema kwa kuwafahamu) hawamtii mtu kwa kisu peke yake. Mwanao na akubali, ila kabla ya kutia saini adai kwa maandishi siku moja ya chumba cha upasuaji kila wiki, pamoja na naibu wa kumshikia vikao siku hiyo.