Rekodi za ukoo wa Ireland: usilipie cheti kabla hujaiona rejesta

SWALI: Shikamoo Mama. Baba yake bibi yangu aliitwa Patrick, mzaliwa wa Ballaghaderreen, kaunti ya Mayo, mwaka 1889 au 1890. Nimemtafuta kwenye tovuti ya serikali ya Ireland kwa kuweka Mayo, sikumpata. Kampuni moja iko tayari kuniletea vyeti vinne (kuzaliwa kwake, ndoa ya wazazi wake na vifo vyao wote wawili), lakini bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Nifanyeje? Dada mdogo wa Patrick alifariki hukohuko Ireland mwaka 1983, naye ningependa kumjua. – Kitukuu wa Patrick

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiwalipe. Rekodi hizo nne unaweza kuzisoma mwenyewe bure.

Katika IrishGenealogy.ie, serikali ya Ireland imeweka picha za kurasa zenyewe za rejesta: vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa zilizotimiza 75, na vifo vilivyotimiza 50. Cheti kinanakiliwa kutoka kwenye kurasa hizohizo. Kwa anayetafuta ukoo, picha ina thamani zaidi, maana unaona mwandiko wa msajili na alama ya X ya mtu asiyejua kuandika. Naomba vijana wote wenye asili ya huko walijue hili kabla hawajatoa pesa zao.

Patrick hajapotea. Ballaghaderreen ilikuwa Mayo mpaka 1898, ndipo ikahamishiwa kaunti ya Roscommon. Lakini hata hilo si kiini cha tatizo. Usajili wa Ireland haukufuata mipaka ya kaunti. Ulifuata wilaya zilizotokana na sheria ya maskini ya 1838, kila moja na mji wake mkuu wenye nyumba ya kuhifadhia mafukara. Watu wa Ballaghaderreen walikuwa chini ya Castlerea. Kwa hiyo acha Mayo, chagua wilaya ya Castlerea, weka miaka 1888 hadi 1892, kisha ujaribu jina la ukoo likiwa na O' mbele yake na bila O', kwa sababu wasajili waliiandika au kuiacha walivyopenda.

Watatokea akina Patrick wengi. Kwa miaka ya kabla ya 1900 huwezi kutafuta kwa jina la mama, kwa hiyo fungua picha moja moja. Kila ukurasa una watoto kumi. Pita mstari kwa mstari: tarehe na mahali, jina, jinsia, baba na makazi yake, kisha mama na jina lake kabla ya kuolewa. Hapo ndipo utakapomtambua wako. Usifunge ukurasa bado. Angalia safu ya mtoa taarifa. Mara nyingi hakuwa baba, alikuwa mwanamke aliyeshuhudia uzazi, na pengine ni bibi wa mtoto mwenyewe. Mimi, katika ukoo wa marehemu mume wangu, waliokuwa wilaya ya Ennistymon huko Clare, nilimpata mama mkwe wa mtu kwa njia hiyo. Hakuna karatasi nyingine iliyokuwa imemtaja.

Tarehe ya kuzaliwa usiishike sana. Waliochelewa kusajili walitozwa faini, na wazazi wengi walitaja tarehe ya baadaye kuliko ile ya kweli ili kuikwepa. Ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa". Rejesta za ubatizo za parokia za Kikatoliki, nyingi zikiishia karibu 1880, zimo bure katika tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ireland. Patrick hatakuwamo, ila wazazi wake huenda wamo.

Ndoa ya wazazi itafute kwa bidii kuliko yote. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa 1845, na nyingine zote, pamoja na vizazi na vifo, 1864. Rekodi ya ndoa inataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na kazi zao. Watu hao walizaliwa kabla serikali haijaanza kusajili vizazi, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea katika jengo la nyaraka za umma huko Dublin mwaka 1922, ilhali zile za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu. Rekodi za vizazi, ndoa na vifo hazikuwa katika jengo lile. Kwenye vifo usitarajie majina ya wazazi, utapata umri wa kukadiria na jina la aliyetoa taarifa. Sensa za 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Zitakuonyesha nani alikuwa hai mwaka gani, nawe utapunguza miaka ya kutafuta vifo.

Dada yake wa 1983 ndiye pekee atakayekugharimu, kwa kuwa miaka 50 haijatimia. Iandikie Ofisi Kuu ya Usajili iliyoko Roscommon, useme wazi kwamba unataka nakala isiyothibitishwa kwa ajili ya utafiti. Hiyo ni yuro 5. Ukiomba cheti tu bila kufafanua, utalipa yuro 20 kwa maelezo yaleyale. Taja jina, mwaka na mahali alipofia, na kama alikuwa ameolewa, tumia jina la mumewe.

Cheti cha yuro 20 kina kazi yake pale unapoomba uraia wa Ireland, maana picha na nakala za utafiti hazikubaliki huko. Lakini uraia huo kwa kawaida hupitia kwa babu au bibi aliyezaliwa Ireland, na Patrick ni baba wa bibi yako. Kama mzazi wako hakuwa amesajiliwa kuwa raia wa Ireland kabla hujazaliwa, vyeti hivyo havitakufikisha, kwa hiyo usivinunue kwa sababu hiyo.