Dawa ya picha ya mishipa na figo za mtu Mweusi
Swali: Daktari, mimi ni Mweusi, naishi Marekani na nina kisukari. Nitapigwa picha ya mishipa ya moyo kwa dawa ya kuchomwa sindano inayofanya mishipa ionekane. Je, rangi yangu inahatarisha figo?

Jibu: Rangi ya ngozi haiumizi figo. Hatari hutoka kwa figo zilizokwisha kudhoofika, kisukari, upungufu wa maji na wingi wa dawa yenyewe. Ila uliza eGFR yako, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, ilikokotolewa kwa fomula ipi. Ile ya 2009 ilizidisha matokeo ya Weusi kwa 1.159, figo dhaifu zikaonekana nzima. Ya 2021 imeondoa rangi. eGFR yako ikiwa chini ya 30, mwambie daktari mapema: dawa ya picha ipunguzwe, uwekewe dripu ya chumvi. Metformin, dawa ya kisukari, husimamishwa, na hurudishwa baada ya saa 48 kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ikipimwa na kukutwa haijapanda.