Presha na chumvi iliyojificha

Ndugu, umeuliza kama kuacha kunyunyiza chumvi mezani kunatosha kushusha presha. Ni mwanzo mzuri, ila chumvi nyingi huenda inakuingia bila kuiona: mkate, soseji, supu za pakiti, vidonge vya kuungia mchuzi, sosi za chupa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo vyote hivyo vinahesabika. Soma lebo, tafuta neno sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi. Gramu 2 za sodiamu ni sawa na hizo gramu 5 za chumvi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kupunguza tu hakutoshi, kuna cha kuongeza pia. Maharage, mboga za majani, ndizi na viazi vina potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo na kulegeza mishipa ya damu. Ulimi nao huzoea chumvi kidogo baada ya wiki chache, hasa ukitumia limao, kitunguu saumu na tangawizi.

Lakini tafadhali, kama una ugonjwa wa figo, au unatumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu, usiguse chumvi mbadala kabla ya kumwuliza daktari. Nyingi zina potasiamu, na ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na dawa usiziache kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Mwache daktari aamue kuzipunguza.