Damu ya mjomba

Wiki hii jaridani mmeuliza: mhalifu huzaliwa au hutengenezwa? Nilidhani ningejibu kwa mstari mmoja: hutengenezwa, na anayesema huzaliwa ni mvivu wa kufikiri. Mstari nimeuandika, kisha nikakaa nikiutazama.

Hoja ya damu naijua tangu utotoni. Lombroso, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1876 kwamba mhalifu wa kuzaliwa anatambulika kwa taya, masikio na paji la uso. Leo watu wanamcheka. Sisi Lombroso wetu tulikuwa naye nyumbani, ila hakusomea: alikuwa baba yangu.

Mjomba alipofungwa kwa wizi, mwanawe aliletwa akae kwetu. Mimi nina miaka 11, yeye 12. Siku moja saa ya mkononi ya baba ikapotea, ile ya kutia ufunguo, yenye ufa kwenye kioo. Baba hakuuliza nani kaichukua. Alimwita binamu yangu tu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, na mama, ambaye nyoka huyo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, akaendelea kukunja shati lile lile, analikunja, analikunjua. Binamu alisimama wima. Hakulia, hakutetemeka, hakuapa. Alichapwa mkanda mpaka baba akachoka mkono, halafu akaambiwa kwamba huko kutolia kwake ndiko ushahidi wenyewe: angekuwa hana hatia angelia. Mimi nilikuwa mlangoni, moyo unanidunda hadi masikioni.

Saa ilikuwa ndani ya soksi yangu, chini ya godoro. Tulikuwa tunalala godoro moja. Usiku ule, taa imezimwa, ikawa inasikika, ta, ta, ta. Akaniuliza taratibu, "Unasikia?" Nikamwambia sisikii kitu. Hakuniuliza tena, wala hakumwambia mtu. Kesho yake nikaitupa kwenye shimo la choo.

Kwa hiyo swali langu si lenu hasa. Langu ni hili: nani hupimwa damu, na nani huachwa?

Mwaka 1993 Han Brunner, mtafiti wa jeni, na wenzake walieleza familia moja ya Uholanzi ambayo baadhi ya wanaume wake walikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo MAOA. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali za ubongo kama serotonini. Wanaume hao walilipuka kwa hasira, mmoja alibaka, wengine walichoma majengo. Sasa, jeni hiyo imo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama, baba hampi. Maana yake, kama mjomba alikuwa na hitilafu ya namna hiyo, binamu asingeweza kuirithi kwake hata kidogo. Mimi ningeweza, kupitia kwa mama. (Simsingizii mjomba. Wizi wake ulikuwa wizi tu, na hitilafu ile ni adimu mno.)

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini binamu yangu alifungwa akiwa na miaka 23, kwa kumjeruhi mtu vibaya. Na ule utulivu wake siwezi kuusahau. Huko Sweden walifuatilia wanaume zaidi ya 700,000 waliopimwa mapigo ya moyo walipoitwa jeshini. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Wale ambao moyo wao ulipiga polepole wakiwa wametulia ndio walioelekea zaidi kutiwa hatiani kwa makosa ya ukatili. Mimi nadhani kilichonizuia nisiibe tena ni kule kudunda kwa moyo, wala si wema. Yeye huenda hakuwa na breki hiyo. Ingawa moyo usiokimbia upesi penye vitisho umeonekana pia kwa wategua mabomu waliopewa nishani.

Basi nabadili jibu: kuna kinachozaliwa. Si uhalifu wenyewe, ni kitu cha mwilini kinachongoja kitakachokikuta. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, ulionyesha mwaka 2002 kwamba MAOA yenye utendaji hafifu iliwadhuru hasa wavulana walioteswa utotoni (tafiti za baadaye hazikukubaliana zote). Mwaka 2009 mahakama moja ya Italia ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja kwa sababu ya jeni zake. Ningekuwa hakimu wa binamu, ningempa huo mwaka, halafu nisingelala, kwa kuwa kwa hoja iyo hiyo baba angemfungia ndani tangu ana miaka 12.

Ametoka sasa, na tunasalimiana vizuri. Jina langu msilichapishe, tafadhali, kwa sababu naye husoma jarida hili. Ingawa akifika kwenye soksi atajua.