Kabla Hujaacha Nyama na Samaki, Ijue Kwanza Sababu Yako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kasulu, aliyeolewa hapa Kigoma mjini, aliniandikia ujumbe mrefu. Ameacha nyama na samaki. Mume hana neno, ila mama mkwe anawaambia majirani kwamba mkamwana wake kaingia dini asiyoijua. Swali lake kubwa lilikuwa moja: "Dada, wewe umewezaje, na umezaliwa Ujiji?"

Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu. Hapa nataka kujibu kwa urefu, kwa sababu ujumbe wa namna hii naupata mara nyingi, na wengi wanaoniuliza wanaanzia mwisho. Wanataka orodha ya vyakula. Mimi nawauliza: unaacha kwa nini? Asiyekuwa na jibu la swali hilo, shughuli ya kwanza tu ya ukoo inamrudisha kwenye pilau.

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Ada yangu ya shule, sare, godoro nililokwenda nalo bweni, vyote vilitoka kwenye dagaa. Usiku wa giza baba na vijana wake wapo ziwani na taa zao. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala ufukweni, kwa sababu dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Asubuhi sisi watoto tulikuwa tunawageuza dagaa juani na kufukuza kunguru. Kwetu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja binti wa nyumba hii atawekewa sahani ya migebuka na kusema, "Ahsante, situmii."

Safari ilianzia kwenye mguu wa baba. Usiku mmoja kidole gumba kilivimba mpaka ngozi ikavutika na kung'aa. Mama alitaka kumfunika miguu kwa kanga, baba akapiga kelele. Uzito wa kanga tu, kitambaa chepesi vile, hakuuweza. Hospitali wakasema ni jongo. Daktari akatueleza vizuri: nyama nyekundu, maini, figo, na dagaa pia, vina purini nyingi, mwili ukizivunja inatoka asidi ya yuriki, na figo zisipoitoa yote inaganda kwenye maungio kama fuwele zenye ncha. Maharage nayo yana purini, lakini tafiti zimeonyesha hayaleti jongo kama nyama na samaki. Hebu fikiria unamwambia hivyo mtu aliyeishi kwa dagaa maisha yake yote.

Mama akamtengea sufuria yake. Tatizo halikuwa chakula, lilikuwa upweke. Baba alizoea kula na wenzake kwenye sinia moja, mikono mitano sita, mazungumzo ya ziwa na bei. Sasa anawekewa bakuli pembeni kama mgeni aliyechelewa. Sikuweza kuvumilia. Nikahamia kwenye bakuli lake.

Tulikula maharage ya Kasulu, mchicha, bamia, na zaidi ya vyote kisamvu. Mama yangu hana haraka na kisamvu. Anakitwanga mwenyewe kwenye kinu mpaka majani yalainike kabisa, anakichemsha mpaka ile harufu ya ubichi iishe, ndipo anaweka karanga zilizotwangwa na mwisho mawese. Mafuta yakianza kupanda juu na kufanya duara nyekundu pembeni mwa sufuria, anaepua. Watu wanaosema kula mboga ni kujitesa hawajakaa jikoni kwa mama yangu.

Mguu wa baba ulitulia, kwa dawa na kwa chakula pamoja. Baadaye daktari akamruhusu samaki kidogo kidogo, naye akarudi kwenye migebuka yake kwa furaha zote. Mimi sikurudi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba baba na mimi tulikula bakuli moja kwa sababu mbili tofauti. Yeye alikuwa anaukimbia uchungu wa kidole, na uchungu ukiisha hana deni na mtu. Yangu ilikuwa nyingine, na nilikuja kuijua siku ya Iddi ya kuchinja.

Nimeona mbuzi wakichinjwa tangu utotoni na sikuwahi kusumbuka. Mwaka ule, baada ya kukaa muda mrefu bila nyama, nilisimama uani kama kawaida. Wa kwanza alipolazwa, wa pili alikuwa amefungwa kwenye mpera hatua chache tu. Alikuwa anatafuna majani. Aliacha kutafuna. Majani yakabaki yananing'inia mdomoni, anatazama. Dini yetu imeshatufundisha kwamba mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake, wala kisu kisinolewe mbele yake, lakini watu wana haraka na wageni wapo njiani. Toka siku ile sijala kitu chenye uhai. Sitaki kiumbe afe kwa ajili ya sahani yangu wakati maharage yapo. Sababu yangu ni hiyo.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja kumuuliza kama nina kosa. Aliniuliza jambo moja tu: "Unasema nyama ni haramu?" Nikamwambia hapana. Akanikumbusha aya ya 87 ya Sura Al-Maida, kwamba tusiviharamishe vizuri alivyotuhalalishia Mwenyezi Mungu. Kisha akanisimulia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoletewa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani. Alirudisha mkono. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid akavuta sahani akala, na Mtume anamtazama. Sheikh akaniambia: "Usile, lakini usimkataze Khalid." Sijapata ushauri bora kuliko huo, na dada yangu wa Kasulu, hata kama dini yako ni nyingine, uchukue.

Hata hivyo ushauri huo haukunikinga na watu. Kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu nilibeba maharage yangu kwenye hotpoti ndogo, nikakaa pembeni na wanawake wenzangu, sikumsema mtu. Shangazi yangu akaja, akafunua hotpoti mbele ya wote, akasema kwa sauti: "Baba yako kakusomesha kwa dagaa, leo dagaa wanakunukia vibaya?" Watu wakacheka. Miaka imepita na bado nikilikumbuka neno lile koo linakaza. Kwa sababu si kweli. Nawaheshimu dagaa kuliko wale waliocheka. Najua mikono iliyopasuka kwa kuwavuta usiku. Kutokula kitu si kukidharau, na mtu mzima anapaswa kulijua hilo.

Sasa nirudi kwenye sababu za watu, maana si wote wenye sababu kama yangu.

Wapo wanaoacha kwa imani. Wasabato wengi unaowajua hawagusi nguruwe wala kambare, na baadhi yao wanaacha nyama zote, wakimfuata Danieli na wenzake waliokataa chakula cha mfalme kule Babeli. Marasta wana chakula chao cha asili. Wajaini wa India wanakwenda mbali zaidi: hata kitunguu, kitunguu saumu na viazi wengi wao hawali, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea na wadudu walio udongoni.

Wapo wa afya, na hao ndio wengi siku hizi. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Waliosoma habari ile wakaogopa, na wana haki. Ila mtu wa afya asijibane kuliko sababu yake inavyomtaka. Kama daktari kasema punguza, punguza.

Wapo wa mazingira. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazoongeza joto duniani zinazotokana na shughuli za binadamu. Kwa mtu wa hapa hoja hiyo inaonekana ya mbali, ng'ombe wa Buhigwe anakula majani ya mlimani. Lakini sisi tuna ya kwetu, tena ya karibu sana. Nchi zinazolichangia Ziwa Tanganyika zilikubaliana uvuvi usimamishwe ili samaki wazaliane, na upande wetu ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mwalo wa Kibirizi ulikaa kimya. Watu waliokuwa wananicheka walinifuata nyumbani kuuliza kisamvu kinapikwaje kikashibisha. Niliwafundisha wote, na nilifurahi, sitaficha.

Na wapo wanaoacha kwa sababu mfuko umekataa. Hao hawajiiti chochote na hakuna anayewaandika, lakini ndio wengi kuliko sisi sote.

Sababu ndiyo inayoweka mpaka. Wale wanaoitwa vegani, jina lililoanzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, hawatumii maziwa, mayai wala asali, kwa kuwa sababu yao ni kutomtumia mnyama kabisa. Mimi niliolewa na mtu wa Tabora. Kwao asali ni heshima, inaletwa kwa mgeni na inaletwa kwa mzazi. Nilipotafakari sababu yangu, niliona asali haiui nyuki kwa lazima, mrinaji mwenye subira anawaacha wazima na anawaachia chakula. Naila. Vegani hatanikubali, nami sigombani naye, kwa kuwa sababu yake ni pana kuliko yangu.

Kuna hoja moja utatupiwa mara nyingi ukiwa Kigoma: "Hata sokwe wa Gombe wanakula nyama!" Ni kweli. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alifika Gombe, msitu ulio jirani na Kigoma, Julai 1960, na mwaka huohuo akashuhudia sokwe akila nyama, wakati wataalamu waliamini wanakula matunda na majani tu. Lakini wanaoisema hoja hiyo hawaimalizi. Mama huyohuyo, baada ya kuwajua sokwe hivyo, aliacha nyama mwenyewe. Alisoma juu ya mifugo inavyofungiwa kwenye mashamba ya kiwandani, na akasema kipande cha nyama kwenye sahani kilimwonyesha hofu, maumivu na kifo. Sokwe hana maharage ya Kasulu wala hana wa kumuuliza kwa nini. Wewe unavyo vyote viwili. Umepewa akili uchague, basi chagua, usijifiche nyuma ya sokwe.

Kwa hiyo, dada, kwanza ijue sababu yako, uiseme kwa maneno machache, na usiibadilishe kwa kila anayekuuliza. Ukimwambia mama mkwe leo ni tumbo, kesho ni dini, keshokutwa ni huruma, atakuwa na haki ya kukushuku. Sema "situmii", usiseme "ni vibaya". Mpikie mumeo samaki wake kama umekubali kumpikia, na umpikie vizuri. Mpelekee mama mkwe kisamvu chako, kaa naye ale. Kwenye shughuli nenda umeshiba, au beba chako na usione haya. Akifunua mtu hotpoti yako, mkaribishe.

Kwenye mwili usifanye mchezo. Anayeacha dagaa anaacha vitu vingi kwa mkupuo: dagaa analiwa na mifupa yake, ndiyo kalsiamu yako, ana vitamini B12, ambayo mimea haina. Ini linaweza kuitunza B12 miaka kadhaa, kwa hiyo utajiona mzima kumbe akiba inaisha, ndipo ganzi ya mikono na uchovu vinakuja. Nunua vidonge vyake duka la dawa, umeze, hakuna maombi yanayoziba nafasi hiyo. Ugali wa muhogo peke yake hauna protini ya maana. Usiule bila maharage, kunde au karanga. Kamulia limao kwenye mboga za majani ili madini ya chuma yaingie mwilini, na chai iache isogee saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inayazuia.

Umeniuliza pia kama umwachishe nyama na samaki mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu. Usimwachishe kwa kunisoma mimi. Sababu ni yako, yeye bado hana. Mpeleke kliniki, ongea na mhudumu wa lishe, na kama una mimba nyingine, mwambie hilo kabla ya jambo lolote.